Pendekezo la mwanasiasa limetuudhi: maoni yetu yanasomwa wapi?

SWALI: Kila mwaka hapa Kenya mwanasiasa fulani huja na pendekezo la kutukera. Mara mkate utozwe VAT (kodi ya ongezeko la thamani), mara gari lilipiwe kodi kila mwaka, mara muhula wa rais uwe miaka saba. Sisi hupiga kelele mitandaoni, tukamtukana aliyelileta, kisha tukangoja. Je, kelele hizo hufika popote? Na mtu asiye wakili afanye nini hasa ili maoni yake yahesabiwe?

JIBU: Hufika, ila hufika zikiwa kelele. Kamati ya Bunge haiwezi kuandika katika ripoti yake kwamba kifungu fulani kifutwe kwa kuwa watu walikasirika mtandaoni. Inachoweza kuandika ni kwamba kifungu nambari kadhaa kilipingwa, kilipingwa na nani, kwa hoja gani, na mpingaji alitaka kisomeke vipi. Hasira iliyowekwa katika umbo hilo hupata pa kukaa. Isiyowekwa hivyo inategemea woga wa mwanasiasa siku hiyo, na woga huo huisha.

Nitaegemea zaidi Mswada wa Fedha wa 2024, kwa sababu yote unayouliza yalitokea ndani yake: waraka wa maoni, maandamano, kura ya majina, Rais kukataa kutia sahihi, na mapendekezo yaliyozikwa Juni kufufuka Desemba.

Kwanza jua unachopigana nacho. Tamko la jukwaani si sheria wala si mswada. Ibara ya 210 ya Katiba inasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa, kusamehewa au kubadilishwa ila kwa sheria. Waziri akisema kanisani au mazishini kwamba mtalipa kitu fulani, hujatakiwa kulipa chochote. Mara nyingi huwa anapima kina cha maji: kelele zikiwa chache, wiki chache baadaye utaliona pendekezo kwenye karatasi. Kwa hiyo usilipuuze tamko. Liandike kwenye daftari pamoja na tarehe, kisha ungoje karatasi.

Karatasi zenyewe ni za aina nne, na kila moja ina njia yake. Kuna mswada wa kawaida. Kuna Mswada wa Fedha, ambao hubadilisha sheria nyingi za kodi kwa mpigo na hupitia Bunge la Kitaifa peke yake. Kumwandikia seneta wako kuhusu Mswada wa Fedha ni kubisha hodi nyumba isiyohusika. Kuna mswada wa kurekebisha Katiba. Na kuna kanuni za waziri, ambazo watu huzisahau kabisa. Kanuni hazisomwi mara tatu Bungeni. Waziri huzichapisha kwenye Gazeti Rasmi na kuziwasilisha Bungeni ndani ya siku saba za vikao, na Bunge lina uwezo wa kuzibatilisha. Ada nyingi zinazouma hupitia hapo, kimyakimya, wakati macho yote yako kwenye mswada mkubwa.

Kujua aina kunakuonyesha ukubwa wa hatari. Chukua pendekezo la 2024 la Seneta wa Nandi, Samson Cherargei, la kuongeza muhula wa rais kutoka miaka mitano hadi saba. Nchi ilichemka, na ilikuwa na haki ya kuchemka. Lakini hesabu njia lililopaswa kupita. Chini ya Ibara ya 256, mswada wa kurekebisha Katiba hauwezi kusomwa mara ya pili kabla ya siku 90 kupita tangu usomwe mara ya kwanza katika kila bunge. Unahitaji thuluthi mbili ya wanachama wote, wawe ukumbini au la, katika usomaji wa pili na wa tatu: kura 45 kati ya maseneta 67, na kura 233 kati ya wabunge 349. Hata ukivuka hapo, muhula wa rais ni miongoni mwa mambo ambayo Ibara ya 255 inayapeleka kwenye kura ya maamuzi, ambako angalau asilimia 20 ya wapigakura waliosajiliwa katika nusu ya kaunti lazima wajitokeze na wengi waunge mkono. Kwa pendekezo kama hilo, una muda wa kujipanga.

Mswada wa Fedha haukupi muda huo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inamtaka Waziri wa Fedha auwasilishe kufikia Aprili 30, na Bunge liupitishe kwa wakati ili ufike kwa Rais kabla ya Juni 30. Ndani ya miezi hiyo miwili kuna tangazo la kuomba maoni, vikao vya kamati, ripoti, mjadala na kura. Aliyelala wiki mbili za Mei amekosa nafasi yake.

Sasa tuje kwenye kusoma, ambako ndiko watu wengi hukwama.

Mswada haukwambii utatozwa nini. Unakwambia maneno gani yafutwe katika sheria nyingine. Suala la mkate linaonyesha vizuri. Ungetafuta neno la kutangaza kwamba mkate utatozwa asilimia 16, usingelipata. Mkate wa kawaida umo kwenye Jedwali la Pili la Sheria ya VAT, orodha ya bidhaa zinazotozwa asilimia sifuri. Mswada wa 2024 ulitaka kufuta aya yake kwenye orodha hiyo. Kitu kikitolewa humo bila kupelekwa kwenye orodha ya misamaha, huangukia kiwango cha kawaida chenyewe, na kiwango cha kawaida ni asilimia 16. Tuseme mkate ni shilingi 65: ongezeko ni shilingi 10 na senti 40. Hayo yote yamebebwa na mstari mmoja wa kufuta aya.

Kwa hiyo fungua karatasi mbili kwa pamoja: mswada, na sheria mama unayoibadilisha. Chora jedwali la safu tatu. Safu ya kwanza, sheria inasema nini leo. Ya pili, itasema nini mswada ukipita. Ya tatu, nani atalipa, kiasi gani, na kwa njia gani. Kifungu usichoweza kukijazia safu ya tatu bado hujakielewa, na usikiandikie maoni mpaka ukielewe.

Hapa kuna mtego unaowanasa hata waandishi wa habari. Bidhaa ya asilimia sifuri na bidhaa iliyosamehewa VAT si kitu kimoja, ingawa dukani zote hazionyeshi kodi kwenye risiti. Mtengenezaji wa bidhaa ya asilimia sifuri hurudishiwa VAT aliyolipia umeme, vifungashio na usafiri. Wa bidhaa iliyosamehewa harudishiwi, kwa hiyo huisukuma gharama hiyo ndani ya bei. Mwanasiasa akikwambia “tumeisamehe kodi bidhaa hii, haitapanda bei”, uliza ilikuwa orodha gani jana. Kama ilitoka sifuri kwenda msamaha, bei itapanda, na lawama itamwendea mwenye duka.

Mfano wa pili ni kodi ya magari, kwa sababu unaonyesha namna ya kujenga hoja badala ya kulalamika. Mswada wa 2024 ulipendekeza asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, isipungue shilingi 5,000 wala kuzidi 100,000, na mkusanyaji awe kampuni ya bima wakati wa kukata bima. Asilimia 2.5 inagonga kiwango cha juu gari likifika thamani ya shilingi milioni 4. Basi mwenye gari la milioni 10 angelipa 100,000, yaani asilimia 1. Mwenye gari kuukuu la shilingi 150,000 angelipa ile 5,000 ya chini, yaani zaidi ya asilimia 3.3. Maskini angelipa zaidi ya mara tatu ya kiwango cha tajiri. Ongeza kwamba kuibana kodi ndani ya bima kungewasukuma wengine waendeshe bila bima, na mtu akigongwa hakuna wa kumfidia. Mbunge hawezi kuijibu hesabu hiyo kwa kusema umechochewa na wapinzani.

Hoja za namna hiyo zina uzito wa kisheria pia. Sheria ile ile ya Usimamizi wa Fedha za Umma inaitaka kamati, inapotoa mapendekezo kuhusu mapato, izingatie usawa, uhakika na urahisi wa kukusanya kodi, pamoja na athari kwa uwekezaji, ajira na ukuaji wa uchumi. Kamati ina wajibu wa kuvipima vigezo hivyo, kwa hiyo vitumie kwa majina yake: “kifungu hiki kinakiuka usawa kwa sababu…”, “kifungu hiki ni kigumu kukusanya kwa sababu…”. Maoni yanayosema tu kwamba maisha ni magumu ni ya kweli kabisa, lakini hayampi karani mahali pa kuyapanga.

Waraka wenyewe hauhitaji wakili. Kurasa mbili zinatosha, na unaweza kuuandika kwa Kiswahili. Ibara ya 120 inakitaja Kiswahili kati ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Uelekeze kwa Karani wa Bunge la Kitaifa, kwa anwani na baruapepe zilizo kwenye tangazo la kuomba maoni. Tangazo hilo hutoka magazetini na kwenye tovuti ya Bunge, na hutaja siku na saa ya mwisho. Saa ile ina maana. Ikiandikwa saa kumi na moja jioni, tuma siku iliyotangulia.

Juu weka jina la mswada na nambari yake kama ilivyochapishwa, jina lako, kaunti na namba ya simu. Kisha, kwa kila kifungu, mambo manne: nambari ya kifungu, kinachopendekezwa, tatizo lake, na unachotaka kifanyike. La nne ndilo linalokosekana mara nyingi, nalo ndilo muhimu kupita yote. Andika moja kati ya haya matatu: kifutwe chote, kibadilishwe kisomeke hivi, kisha uandike maneno, au kibaki. Usiandike “kiangaliwe upya”. Kamati inaweza kukiangalia upya kwa dakika mbili ikakiacha kilivyo, na itakuwa imekutimizia ombi lako.

Kipande kimoja kingesomeka hivi:

“Kifungu cha kodi ya magari. Kinapendekeza asilimia 2.5 ya thamani, kati ya shilingi 5,000 na 100,000. Kinakiuka usawa: gari la shilingi 150,000 litatozwa zaidi ya asilimia 3.3 na la shilingi milioni 10 litatozwa asilimia 1. Kitapunguza idadi ya magari yenye bima. Ombi: kifungu kifutwe chote.”

Ni mistari minne, na ni mizito kuliko kurasa kumi za hasira.

Ukiweza, ongeza sentensi moja kuhusu pengo la fedha. Kamati inabanwa na kiwango cha mapato kilichokwisha kupitishwa, na swali la kwanza utakaloulizwa ukiitwa mbele yake ni: tukikiondoa hiki, pesa zitoke wapi? Hapa watu huchanganya karatasi mbili. Mswada wa Fedha unahusu kukusanya. Matumizi yako kwenye makadirio ya bajeti na Mswada wa Ugavi wa Fedha, na yanasikilizwa na Kamati ya Bajeti na Ugavi wa Fedha. Ukilalamikia safari za maofisa au ukarabati wa ofisi ndani ya waraka wa Mswada wa Fedha, umesema kweli mahali pasipo pake. Andika nyaraka mbili: mmoja kwa Kamati ya Fedha na Mipango ya Kitaifa ukisema kodi gani iondolewe, mwingine kwa Kamati ya Bajeti ukitaja fungu na kiasi kinachoweza kupunguzwa.

Kisha dai risiti. Ukipeleka kwa mkono, nenda na nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Ukituma kwa baruapepe, hifadhi nakala ya ulichotuma na jibu la kupokea. Siku kesi ya ushirikishwaji wa umma itakapofika mahakamani, muhuri huo ndio ushahidi kwamba maoni yalikuwapo.

Yanayoharibika hapa nimeshayaona yakijirudia. Watu hutolea maoni picha ya ukurasa mmoja iliyosambazwa WhatsApp, kumbe ni rasimu ya zamani au ya mwaka mwingine. Linganisha kila mara nambari ya mswada na nakala iliyo kwenye tovuti ya Bunge. Watu elfu moja hunakili waraka mmoja neno kwa neno. Kamati huona hoja moja yenye sahihi elfu, ambayo ina uzito wa idadi lakini si wa hoja elfu. Afadhali kila mmoja aongeze sentensi mbili za maisha yake: bodaboda aeleze kodi itamgusaje, muuza mitumba vivyo hivyo. Kutuma kwa wingi si kosa. Mei 2025 mtengenezaji programu alikamatwa kwa zana ya kuwasaidia watu kutuma pingamizi zao kuhusu Mswada wa Fedha wa 2025, na Juni mahakama ikaona mashtaka yale hayakuonyesha kosa lolote. Na matusi huchafua waraka wote, hata kama hoja iliyo chini yake ni nzito.

Sasa tazama kilichotokea 2024, maana kinajibu swali lako la kelele.

Mswada ulilenga kuongeza mapato kwa takriban shilingi bilioni 346. Vijana waliufungua, wakaufafanua kifungu kwa kifungu katika video fupi, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, na kuwatumia wabunge ujumbe wa simu bila kuchoka. Ndiyo sababu watu walipotoka barabarani Juni 18 hawakusema tu “maisha ni magumu”. Walitaja mkate, magari, mafuta ya kupikia, pampasi na ada za kutuma pesa. Siku hiyo hiyo mwenyekiti wa Kamati ya Fedha, mbunge wa Molo Kuria Kimani, alitangaza kwamba kadhaa kati ya hivyo vimeondolewa: VAT kwenye mkate, kodi ya magari, ushuru wa mafuta ya mboga, nyongeza ya ushuru wa kutuma pesa kwa simu. Sidhani karatasi peke yake ingefanya hivyo, wala barabara peke yake. Barabara iliwatia wanasiasa haraka, na karatasi iliwaonyesha wafute nini.

Lakini soma maneno ya kuondoa kwa umakini ule ule uliosomea maneno ya kuweka. Ushuru wa mazingira, uliokuwa pia ndani ya Mswada huo, uliondolewa kwa bidhaa zinazotengenezwa nchini. Za kutoka nje ulibaki. Aliyesikia kichwa cha habari tu alidhani umekwisha. Ni desturi ya zamani katika siasa za kodi kuanza juu ili kushuka kuonekane kama huruma. Kwa hiyo tangazo la “tumewasikia” likitoka, rudi kwenye lile jedwali lako la safu tatu, weka alama kwenye vilivyofutwa, na uhesabu vilivyobaki.

Juni 20 Mswada ulipita usomaji wa pili kwa kura 204 dhidi ya 115. Juni 25 ukapita wa tatu kwa 195 dhidi ya 106, na siku hiyo waandamanaji wakaingia majengo ya Bunge. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu 39 waliouawa kufikia Julai 1. Sitaki namba hiyo ipitwe haraka. Hao walikuwa watoto wa watu, waliotoka nyumbani asubuhi kwa ajili ya vifungu vya kodi.

Kati ya usomaji wa pili na wa tatu kuna hatua ambayo wananchi wengi hawaijui: Kamati ya Bunge Zima. Hapo ndipo vifungu hupigiwa kura kimoja kimoja na ndipo marekebisho huingizwa. Usomaji wa pili ni kuhusu wazo la mswada kwa jumla. Baada ya kuupoteza, bado unaweza kuokoa au kuua kifungu kimoja kimoja. Huu ndio wakati wa kumpigia mbunge wako, na umwambie jambo moja tu: “Kifungu nambari fulani, piga kura ya hapana.” Akiuliza kwa nini, una mistari minne. Kura ikipigwa kwa majina, majina hayo husomeka kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge, Hansard. Tafuta la mbunge wako, ulihifadhi, umuulize nalo uso kwa uso atakaporudi kuomba kura. Mbunge anayejua kwamba kura yake imeandikwa kwenye daftari la mtu kijijini huwa mwangalifu zaidi.

Kuhusu maandamano, sheria ni nyepesi kuliko inavyosemwa. Ibara ya 37 inampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamishi kwa amani na bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka mwandalizi ampe mkuu wa kituo cha polisi taarifa ya maandishi, si chini ya siku tatu wala zaidi ya siku 14 kabla, ikitaja jina na anwani yake, tarehe, saa na njia itakayopitwa, kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Ni taarifa, si ombi la ruhusa. Chukua nakala iliyogongwa muhuri hapa pia. Ukikamatwa, Ibara ya 49 inakupa haki ya kunyamaza, ya kuwasiliana na wakili, na ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 au siku ya kwanza ya mahakama kufunguliwa. Namba ya wakili iandike mkononi kwa kalamu, kwa kuwa simu ndiyo huchukuliwa kwanza.

Mswada ukipita Bunge, bado kuna Rais. Ana siku 14 kutia sahihi au kuurudisha akieleza kasoro anazoziona. Akikaa kimya siku zikaisha, unahesabiwa kuwa umetiwa sahihi, kwa hiyo usifurahie ukimya wa Ikulu. Juni 26, 2024 Rais William Ruto alitangaza kwamba hatatia sahihi, akaurudisha akipendekeza vifungu vyote vifutwe. Ili kumshinda Rais na kuupitisha jinsi ulivyokuwa, Bunge lingehitaji thuluthi mbili, zile kura 233, na lilikuwa limepata 195. Hesabu ndiyo iliyoufunga.

Mahakama iache iwe hatua ya mwisho, na usiiwekee matumaini makubwa kuliko inavyostahili. Tazama Sheria ya Fedha ya 2023. Makato ya nyumba ya asilimia 1.5 yaliharamishwa na Mahakama Kuu Novemba 28, 2023; kufikia Machi 2024 Bunge lilikuwa limeyarudisha kwa sheria mpya inayojitegemea. Julai 31, 2024 Mahakama ya Rufani ikaibatilisha sheria yote ya 2023 kwa kasoro za ushirikishwaji wa umma, na Oktoba 29 mwaka huo Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo. Kwa hiyo, muda mwingi wa kesi, mlipakodi alikuwa akilipa huku majaji wakibishana. Kesi iliyofunguliwa bila waraka wa maoni nyuma yake ni dhaifu zaidi, na ndiyo maana nimekusisitizia muhuri.

Jambo la mwisho ni faili lako. Usilitupe pendekezo likiondolewa. Baada ya Mswada wa 2024 kuanguka, Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Kodi ilitiwa sahihi Desemba 11, 2024, ikiwa na baadhi ya mambo yale yale. Kodi kwa kampuni za kigeni zinazofanya biashara mtandaoni nchini bila kuwa na ofisi ilirudi na kupita; tozo ya maendeleo ya reli ikapanda kutoka asilimia 1.5 hadi 2.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa data. Mwaka 2024 Mswada ulitaka kuiondolea KRA, mamlaka ya kukusanya kodi, vizuizi kwa kuingiza msamaha ndani ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Watu wakapinga, ukatolewa. Mwaka 2025 wazo hilo lilirudi kupitia mlango mwingine: kufuta, ndani ya Sheria ya Taratibu za Kodi, aya inayoizuia KRA kudai siri za biashara na taarifa binafsi za wateja. Aliyetafuta jina la sheria ya data kwenye Mswada wa 2025 hakuliona. Aliyekuwa na jedwali lake la mwaka uliopita alitafuta athari, yaani safu ya tatu, akalitambua. Maoni yakaandikwa kwa nambari ya kifungu, na kamati ikakikataa kabla ya Mswada kutiwa sahihi Juni 26, 2025. Kwa hiyo weka faili hilo mahali utakapoliona Aprili, na mswada mpya ukitoka anza kuusoma kutokea kwenye safu ile ya tatu.